Neno Alilokuita Baba Yako

Nyumba ya kona, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha uchapaji.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo? Miguu inasemaje? Naanza na miguu kwa sababu uliniambia buti mpya zimekuchubua visigino, na mtu mwenye visigino vibovu hawezi kuwa mzima kwingine. Wenzako wa bwenini hawajambo? Yule mpishi anayewafokea bado hajapoa? Mimi sijambo. Goti la kushoto linanigomea kwenye ngazi, macho bado yananitii, na kile kikohozi kimeondoka bila kuaga. Hayo ndiyo ya afya.

Chumba chako kiko tayari. Nimekipaka rangi nyeupe na kuhamishia vitabu vyangu vyote sebuleni, kwa hiyo siku hizi napita humo ubavuubavu. Mshonaji wa ghorofa ya chini alipanda kuja kukagua, akasimama mlangoni amejishika kiuno.

"Bibi, unamngojea mwanajeshi au bwana harusi?"

Nikamwambia namngojea binti wa mdogo wangu.

"Yule uliyemwacha mchanga?"

"Ndiye."

"Basi godoro umekosea, bibi. Huyo sasa ana mabega."

Tukacheka. Godoro nimelibadilisha.

Nakueleza haya ujue nilivyokuwa na furaha barua yako ilipofika. Umeandika kwamba likizo ni wiki moja tu kabla hamjapelekwa mpakani, kwamba haitoshi safari mbili, na kwamba unakuja kwangu. Kwa baba yako hutatia mguu tena. Sababu umeieleza kwa mistari michache, kama ripoti ya kijeshi. Siku ile ya ruhusa ya kutoka kambini uliingia saluni kwake umevaa sare, benchi limejaa wateja. Akakutazama kichwani kabla ya usoni.

"Nani kakunyoa hivi?"

Ukamwambia kinyozi wa kambini.

"Nyuma kapandisha kama ngazi."

Kisha akazima mashine, akawageukia watu wa benchi: "Inukeni, jamani. Afande kaingia." Wakaangua kicheko, na mmoja akakupigia saluti huku kitambaa cha kunyolea kikining'inia shingoni. Ukageuka ukatoka.

Kazi yangu huku ugenini, unajua, ilikuwa kusahihisha maandishi ya watu kabla hayajachapwa. Mistari yako hiyo nimeisoma kwa jicho lile la kazi, na ndani yake kuna neno moja umelisoma vibaya. Nitalifikia. Nivumilie kidogo, sina haraka ya kulifikia.

Kwanza utoto wako. Niliondoka ukiwa wa kubebwa, vita vikanifungia njia ya kurudi, na ilipofunguka nilikuwa nimekwisha kuzeekea nilikodhani napita. Kwa hiyo utoto wako nimejitungia mwenyewe, kwa vijipande alivyokuwa akinipa mama yako kwenye simu. Nakuona umekaa juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kile kiti cha saluni, maana bila ubao kioo kingekuonyesha utosi peke yake. Kitambaa kimekufunika hadi magotini. Baba yako hasemi kitu. Anakigeuza kichwa chako kwa vidole viwili, hivi, halafu hivi, nawe umebana pumzi nywele zisikuingie puani. Mteja akiingia, baba anafunguka kama redio: mpira, siasa, wake za watu. Mteja akitoka, redio imezimwa. Unashuka, unafagia nywele. Unatamani akuulize mtihani ulikuwaje. Anakuambia umeruka kona.

Huenda nimekosea mengi. Huenda ubao haukuwapo. Lakini wivu wangu haukuhitaji ubao. Mama yako alikuwa akinilalamikia, "Wifi, hawa wawili hawasemezani kabisa, nyumba imekuwa maktaba," nami nikawa najibu pole, pole wifi, huku moyoni nawaonea wivu nyote. Kunyamaza karibu na mtu wako kila Jumamosi, nako ni shida? Mimi nilikuwa nikisemezana na kuta za chumba cha kupanga. Hata kwa vile vidole viwili vilivyokugeuza kichwa nilikuonea wivu, kwa kuwa navijua. Niliviosha mimi, vikiwa bado vidogo.

Halafu ukajiandikisha jeshini bila kumwambia. Habari alizipata kwa mteja aliyekuwa kitini, mashavu yamejaa povu. Mama yako anasema alimaliza kumnyoa taratibu, bila kumkwaruza, kisha akafunga saluni Jumamosi mchana kweupe, watu wakiwa wamepanga foleni. Tangu hapo unaamini anakudharau. Sasa umepata na ushahidi: amekuita afande mbele za watu.

Hapo ndipo ninapotakiwa kusahihisha, nami sitaki.

Afande ni mimi.

Tulipokuwa wadogo, mama yetu alikuwa akifua nguo za hospitali na alitoka nyumbani bado giza. Baba yako aliachwa mikononi mwangu. Jirani yetu alikuwa mkuu wa kituo cha polisi. Kila asubuhi gari lilimfuata, dereva akasimama uani na kuita, "Afande!" na yule mzee akatoka, iwe mvua iwe jua. Baba yako, ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yameng'oka, alilitazama jambo hilo akalielewa kwa akili yake: akadhani afande ni mtu ambaye ukimwita, anakuja.

Hakuna aliyemweleza vinginevyo. Siku moja fulana yake ilinasa kwenye seng'enge nyuma ya shule, wenzake wakamkimbia, akapiga ukelele, "Afande! Afandeee!" Watu wazima wakageuka huku na huku kumtafuta askari. Nikaenda mimi. Kuanzia hapo hilo ndilo likawa jina langu. Akiogopa giza la choo cha nje, afande. Akiumwa tumbo, afande. Alipokuja kujua maana yake sauti ilikwisha kuwa nzito, na bado hakuliacha.

Nilipoondoka aliacha. Siku hizi kwenye simu ni "shikamoo dada", kwa adabu ya mtu aliyesimama mbele ya hakimu. Neno lile hakumpa mama yako, wala mdogo wako Bonge, ambaye hadi leo analala begani kwake kama paka. Nilidhani limekufa. Na kwa kuwa lilikufa likiwa langu, sikulilia sana.

Sasa amekupa wewe.

Usiniambie alikuwa anakudhihaki. Baba yako akitaka kumdhihaki mtu humwita mheshimiwa. Muulize mama yako katika nyumba ile ni nani hajawahi kuwa mheshimiwa. Wale wa benchi walicheka kwa kuwa walisikia neno la barabarani. Yeye alitamka la nyumbani kwetu, na kwa vile hajui kusema nawe pasipo wateja, akalipitisha kwao. Katika vyote alivyo navyo hana kizuri kuliko hicho, na hakikuwa chake. Angalau angenipigia simu kuniomba ruhusa.

Ningeweza kukaa kimya. Ungekuja umenuna, ningekupoza, na wiki nzima ningekuwa na mtu wa kunigongea mlango wa chumba asubuhi. Mpango huo nimekwenda nao sokoni na kurudi nao, na ulinipendeza njia nzima. Lakini nimekufikiria uko handakini, zamu ndefu, huna la kufanya ila kukumbuka, na unachokumbuka ni kwamba baba yako alikufanya kichekesho. Siwezi kukuacha uende na kosa hilo wakati kalamu ninayo mimi.

Kwa hiyo nenda kwake. Usimwambie nimekueleza nini, atajitia kusahau. Kaa tu kitini, arekebishe alichoharibu kinyozi wa kambini. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikuita tena vile, itika.

Nisalimie wifi yangu na umwambie nimepata sabuni aliyoniulizia. Msalimie Bonge, na mjomba wako Miwani kama bado anabishana na televisheni. Baba yako msalimie mwisho kabisa.

Mungu akutangulie huko uendako, awe mbele yako na mbele ya wenzako wote, wakali na wapole.

Ombi langu ni moja: wiki hiyo usinipigie simu. Nikiisikia sauti yake nyuma ya yako, nitakuamuru umwache hapo hapo upande basi uje kwangu, na wewe wamekwisha kukufundisha kutii.

Wako akupendaye, na leo akuoneaye wivu,

Shangazi.