Kofia ya Mjerumani Kwenye Kaburi Langu

Shangazi Zagorka,

Nakuomba unisikilize hadi mwisho, maana mke wangu ameshachoka kunisikiliza na padri wetu kila nikianza anaangalia saa, na mimi nina miaka sitini na tisa na jambo hili limenikaa kifuani tangu ile Jumamosi ya wafu, siku tunayowakumbuka marehemu wetu makaburini. Kama una umri wa kutosha jina langu unalijua, ila gazetini usiliweke, andika tu Meja, kwa sababu ndivyo ninavyoitwa kuanzia Čačak hadi Belgrade, na nikiingia baa wananiletea glasi ya rakia na kuniambia, "Kunywa, Meja, ila leo usituue," nao wanacheka na mimi nacheka, miaka thelathini na tano nacheka utani ule ule.

Nilianza jukwaani Kragujevac nikiigiza vijana wenye mapenzi, na sikuwa mbaya, mpaka mwongozaji mmoja wa filamu za vita akaziona nywele zangu za njano na macho haya makavu akasema, "Huyu ni Mjerumani, mleteeni buti." Sikuzivua tena. Nimekuwa luteni, kapteni, meja mara nyingi kuliko zote, jenerali mara mbili, nimechoma vijiji vya mbao kule Bosnia na nimeuawa na wapiganaji wa msituni mara arobaini na moja, kwa risasi, kwa bomu, mara moja kwa shoka, na wakati mwingine nilikufa asubuhi, nikala supu ya maharage, nikafa tena baada ya chakula kwa sababu jua lilikuwa limesogea. Mke wangu Kosara alitemewa mate sokoni na bibi muuza jibini. Nimechoka, Shangazi, lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu.

Kosara alitaka tuweke jiwe letu la kaburi mapema, kama watu wengine wenye akili, tusiwaachie watoto usumbufu, pale pale Vrelo kijijini kwetu, kando ya baba yangu. Kazi akapewa Radojko, mchonga mawe hodari, yule aliyemchonga jirani yetu amesimama na akordioni yake na marehemu Tihomir na trekta lake, hadi namba ya trekta inasomeka. Kosara akampa bahasha ya picha akamwambia, "Chagua ile anayofanana nayo." Sasa Radojko filamu zangu zote ameziona, na kwa mawazo yake kama Tihomir ana trekta basi na mimi nina kazi yangu. Tulipofika makaburini Jumamosi ile, kijiji kizima kipo, watu wametandika vitambaa, mikate, mayai, mishumaa imewaka, nikajiona kwenye jiwe jeusi, nimesimama kimo cha mtu, nimevaa koti refu la Kijerumani na kofia yenye nembo ya tai, glavu moja nimeivaa na nyingine nimeishika, mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu pengo. Na hatua mbili kutoka pale ni baba yangu, ambaye Wajerumani walimchukua uani kwetu mwaka arobaini na moja na wakampiga risasi bondeni pamoja na wanaume wengine wa kijiji.

Nitakwambia na la aibu. Kabla sijakumbuka niko wapi, nilijiona mzuri.

Dada yangu Stamena alikuwa amebeba kikapu cha ngano iliyochemshwa kwa ajili ya baba. Ana miaka sabini na minne, moyo wake unasumbua, anaishi peke yake katika nyumba ya wazazi wetu tangu alipofiwa na mume. Alilitazama jiwe, akaweka kikapu chini taratibu, akaniambia, "Kwa hiyo umemleta tena." Nikamwambia, "Dada, ni makosa ya Radojko, ni kazi tu, ni sinema." Akasema, "Mimi mtanizika kwa wakwe zangu. Hapa silali." Akaondoka bila kuwasha mshumaa. Nimeenda kwake mara tatu na hakufungua mlango, na mara ya nne alinifungulia akaniletea kijiko cha jemu ya cheri na glasi ya maji kwenye sinia, kama mgeni, mimi niliyezaliwa katika chumba kile.

Kosara anasema, "Acha ubishi, mzee, ukichongwa bila kofia nani atakujua?" Radojko anaapa anaweza kuikwangua ile nembo ya tai akaigeuza kofia iwe ya mtu wa reli. Ila mimi najua kofia ni sehemu tu. Siku ile mwaka arobaini na moja nilikuwa na miaka saba, nimejificha nyuma ya mlango wa ghala, nikamwona ofisa wa Kijerumani akivua glavu kidole kimoja kimoja, bila haraka, akaomba maji kwa adabu, na aliyemletea ni Stamena, alikuwa na miaka kumi na miwili. Akanywa, akamshukuru, akamrudishia glasi, ndipo akawaambia askari wamchukue baba. Miaka ishirini na sita baadaye mwongozaji alikuwa amekwama, akaniuliza, "Huna kitu chochote cha kumfanya huyu meja awe mtu?" Nikampa hicho. Glavu, maji, msichana, asante. Sehemu ile ndiyo iliyonipa jina, na kila filamu iliyofuata walitaka niivue glavu vile vile. Stamena alikuja Čačak kuiangalia, akatoka katikati, nami nikajiambia kichwa kinamuuma. Hatukuwahi kuizungumzia hata siku moja. Je, nibadilishe jiwe, au niliache tu wakati upite, au nimwandikie barua? Sitaki afe akiwa hivi na mimi.

Meja

*

Meja,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na hasira kidogo, kwa hiyo utanivumilia.

Jiwe ndilo rahisi kuliko yote, ndiyo maana umelijazia ukurasa. Leo, kabla hujala, nenda kalifunike kwa turubai. Kesho mwambie Radojko alibomoe lote. Usikubali kofia ya reli. Wewe hukuwahi kufanya kazi reli, na kijiji kizima kitajua kilichokuwa chini yake. Jiwe jipya liwe na majina na miaka, basi. Na Kosara mwambie kwa upole kwamba watakaokuja kukuwashia mshumaa watakuwa wanakujua, na asiyekujua hana shida ya kuja. Simlaumu sana. Kuishi na mtu anayetukanwa sokoni kunachosha, na naye alitaka angalau siku moja ajivunie.

Sikulaumu kwa kuvaa zile buti. Mtu anakula kwa kazi anayopewa, na Mjerumani lazima aigizwe na mtu. Nami nakuonea huruma, kwa sababu hata wewe ulikuwa mtoto pale nyuma ya mlango wa ghala, na nadhani ulimwigiza yule mtu mara arobaini na moja ili umwone akifa. Hilo nalielewa. Lakini glasi ile ya maji haikuwa yako kuitoa.

Fikiria kidogo, wewe mzee mzima. Msichana wa miaka kumi na miwili amemletea maji mtu aliyekuja kumuua baba yake, na ameshukuriwa. Kwa miaka ishirini na sita amelibeba hilo peke yake, akidhani hakuna aliyemwona. Halafu anakaa sinema katikati ya watu wanaotafuna mbegu za alizeti, anajiona, na anatambua kwamba mdogo wake aliona kila kitu, akamwambia mwongozaji, ila yeye hakumwambia neno. Wewe ulipata maua. Yeye alipata nini? Na wewe unaniambia kichwa kilimuuma.

Kwa hiyo barua usimwandikie. Nenda, na usimwache Kosara aje kukusaidia kuongea. Usibebe maua wala chupa. Ile sauti yako tunayoijua sote iache nyumbani, na machozi yakija yaje yenyewe, usiyatafutie mwanga mzuri. Asipofungua, kaa uani mpaka baridi ikufukuze, kesho urudi. Akifungua akakuletea jemu na maji, sema, "Dada, mimi si mgeni," uende jikoni ukakae. Kisha mwambie maneno matatu tu. Kwamba ulimwona. Kwamba alikuwa mtoto, mtu mwenye bunduki aliomba maji, na hakuna mtoto duniani ambaye angekataa. Na kwamba kilichokuwa chake ulikichukua bila kumuomba, na unaomba radhi. Usiniingizie hapo mwongozaji wala sinema. Baada ya hapo nyamaza. Hii ni kazi ngumu kwa mwigizaji, najua, lakini nyamaza. Akikutukana, sikiliza. Akikufukuza, amekufukuza kutoka jikoni, na hiyo ni hatua mbele kuliko sebuleni.

Kuhusu atakapozikwa, usimwombe chochote. Ni lake.

Jambo la mwisho, ndilo lililonikasirisha. Yule ofisa ninamjua sasa kana kwamba alipita uani kwangu. Najua alivyovua glavu, alivyokunywa, alivyoshukuru. Namjua Tihomir na trekta lake. Baba yako simjui. Katika barua yote hii hujaniandikia hata jina lake, wala kama alikuwa mrefu, wala alichosema alipokuwa akitoka uani. Huenda hukumbuki, ulikuwa na miaka saba na macho yako yalikuwa kwenye glavu. Stamena alikuwa na kumi na miwili, na alisimama karibu naye. Muulize, ungali na mtu wa kumuuliza.

Zagorka