Mashavu ya Sumaya

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla jina langu halijaharibika hapa Baraka, mimi ni Useni, mwenye mtumbwi wa mota unaokwenda Ubwari, na mke wangu Sumaya anaumwa figo, daktari wa figo alituambia askari wa mwili wake wamegeuka wanashambulia figo zake mwenyewe, akampa vidonge vya kuwalaza hao askari, vinane kila asubuhi, na kweli miguu iliacha kuvimba, ila mashavu yakajaa mpaka macho yakawa madogo, basi bamama wa soko wakaanza kunisifu, "Useni, we unalishaka bibi! Angalia vile ananenepa!" nami sikusema ni dawa, nilisema ni samaki, hata nikaanza kuwafundisha vijana wanaotaka kuoa jinsi ya kumlisha mke, sasa mwezi uliopita nilipokwenda kuchukua dawa daktari aliandika karatasi kwamba vidonge vishuke hadi vinne, na mashavu yatashuka pia, nikaogopa watu watasema nina mwanamke wa pili kule Swima, nikaificha karatasi ndani ya sanduku la vyombo vya mota na bado namhesabia vinane, roho inanisuta, nifanye nini figo zipone na mashavu yabaki?

Useni, pole kwa kuuguza. Pole yangu imeishia hapo.

Mke anaumwa figo, wewe unaumwa sifa! Hiyo dawa inalaza askari wote, wabaya na wazuri. Ukizidisha, ugonjwa wowote unaingia mwilini bila kuulizwa kitambulisho. Mlango huo uliuacha wazi ili bamama wakusifu? Aibu! Na hao wanafunzi wako wa ndoa, kawaombe msamaha.

Toa karatasi leo. Usiongeze, usipunguze, wala usikatize dawa ghafla kwa akili yako, hilo nalo ni hatari. Kesho nenda kwa daktari ukakiri mwenyewe. Anakungoja.

Ndiyo, daktari anajua. Sumaya aliniandikia kabla yako, na ameruhusu niseme. Karatasi aliiona siku ya tatu, alipotafuta koleo. Alikwenda kwa daktari. Tangu hapo ukimpa vinane anameza vinne, vingine anavirudisha koponi ukishafika pwani. Hukushangaa kopo haliishi? Aliandika: "Mi niliona Useni anafurahi sana, nikamuachia kwanza."

Mashavu yameanza kushuka tangu wiki jana. Daktari ameona. Bamama wa soko wameona. Wewe unayelala naye kitanda kimoja hujaona. Leo ukifika nyumbani, kabla ya kusema lolote, mtazame mke wako.

Mama Rosette