Ubao Uliokataa Kona

Jumamosi, baada ya Magharibi

Alhamdulillahi sikununua ule ubao mwembamba. Ulipendeza, lakini Ami Swaleh, ndugu yake baba anayenifundisha kuteleza juu ya maji nyuma ya boti, alinizuia palepale dukani. "Ule ni wa wanaovutwa kwa kasi kubwa. Wewe chukua huu mpana, utakubeba."

Hata huu mpana umenitesa wiki nzima. Kila nikizunguka maboya, pua yake huinuka na kona inakuwa pana mno. Boya la tatu sijawahi kulipita. Jana nililia garini. Mashindano ni kesho, na Mama, anayeogopa maji hata ya kufika magotini, ameahidi kuja kunitazama.

Leo asubuhi, pale gatini Tudor, Ami alifungua skrubu akavisogeza mbele viatu vilivyokazwa juu ya ubao, ninamoingiza miguu, tundu moja tu. Nilinuna.

"Tundu moja litafanya nini, Ami?"

"Shika kamba. Maneno baadaye."

Nikalipita la tatu. La nne. Ubao ulikata kona kama kisu kwenye papai, na nilipolizunguka la sita, la mwisho, Ami alipiga takbiri ndani ya boti.

Kurudi gatini, namwona Mama amesimama na buibui lake, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Mama! Si ulisema kesho?"

"Nimekuja leo, mwanangu, ili kama ni kuzimia, nizimie mbele yenu tu."

Hakuzimia. Kesho bado naiogopa, lakini yeye ameshauliza kama ndani ya boti mna nafasi.