Bahasha za Mshahara wa Farhan

Mlingotini,
S.L.P. 61,
Bagamoyo.
22 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Thuwaiba,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Basil na wanangu wote. Joto la Maskati limekaaje safari hii? Mwaka jana ulisema lilikuzuia hata kutoka kwenda sokoni. Na mgongo wako je? Ukinijibu usiniandikie tu kuwa hujambo. Niambie kweli.

Sisi huku alhamdulillahi. Mama anakula vizuri, anasali amekaa kwa sababu ya magoti, na bado anagombana na kuku wa jirani kila asubuhi. Hajra yuko kidato cha tatu na amenipita urefu. Idi ya kuchinja tulikula kwa shemeji Ausi. Nilipopakua pilau nikajikuta nimejaza sahani moja zaidi. Mama aliiona, akaivuta mbele yake, akaila yote.

Nimeacha simu nikashika kalamu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na kwenye simu mimi na wewe tukifika kwenye jina la kaka yako tunalia mpaka salio linakwisha. Barua anakuletea jirani yetu Bi Ghalia, anayekuja huko kwa mwanawe.

Unajua Farhan alikuwa dobi wa ile hoteli kwa miaka kumi na moja. Usilolijua ni jinsi walivyokuwa wakilipwa. Kila mwisho wa mwezi keshia aliwapa bahasha ya kaki. Juu yake aliandika kwa kalamu jina, mwezi, mshahara, kodi iliyokatwa na kilichobaki. Hati ya mshahara hawakupewa hata siku moja. Wakiuliza waliambiwa mashine ya kuzichapa iko njiani.

Farhan hakulalamika. Ule mstari wa kodi ulimpa fahari, wifi yangu, ungemcheka. Walipojenga wodi mpya ya zahanati yetu alinisimamisha njiani akasema, "Mama Hajra, dirisha moja pale ni langu." Nikamuuliza lipi. Akalitazama jengo lote kwa makini, kisha akachagua la mwisho upande wa baharini, akisema hilo ndilo lililonyooka.

Mungu alipomchukua, Agosti mwaka jana, nilikaa eda hapa hapa kwa Mama. Wiki ya tatu akaja mtu kutoka hotelini. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, Mama akampokea barazani. Alileta rambirambi, na pamoja nayo karatasi ya kutia saini. Mama akamwambia Hajra aisome kwa sauti. Ilisema marehemu alikuwa kibarua wa kutwa, akiitwa pale tu kazi inapokuwepo, na kwamba familia yake haidai chochote.

Mama akamuuliza, "Kibarua? Basi shuka zenu miaka kumi na moja zilikuwa zikijifua zenyewe?"

Mimi nikasema nikiwa ndani, "Baba, nimekaa eda. Siku zangu zikitimia nitakuja mwenyewe."

"Ni saini tu, mama. Dakika moja."

"Dakika yako moja, na yeye miaka yake kumi na moja," Mama akamjibu. "Nenda na karatasi yako." Akaenda nayo, na ile rambirambi akairudisha mfukoni.

Nikuambie ukweli, Thuwaiba. Ningekuwa huru kutoka, ningetia saini siku ile ile. Unga ulikuwa umebaki wa siku mbili na ada ya Hajra ilikuwa inadaiwa. Wao walidhani mjane aliyefungwa ndani atakubali upesi. Kumbe kule kufungwa ndani ndiko kulikonipa miezi minne ya kufikiri.

Siku hizo mikono yangu haikuwa na kazi, nikaamua kupanga kikapu changu cha mbegu. Unakijua, ulikuwa ukinitania kwamba nina duka. Bamia, mchicha, pilipili, matango. Na unajua nilikuwa nikizitia ndani ya nini? Ndani ya bahasha za mshahara wa Farhan. Hazikuwahi kuwa kitu kwangu, ni karatasi ngumu nzuri tu. Nilipoona jina lake kwenye bahasha ya bamia nikalia. Kisha nikapangusa macho nikahesabu. Arobaini na tatu. Nyingine nilikuwa nimewashia mkaa, na hilo mpaka leo linaniuma. Hajra akazipanga mkekani mwaka kwa mwaka.

Kulwa, yule mama anayetandika vitanda hotelini, alikuja kunipa pole. Nikamwonyesha. Akacheka, "Mama Hajra, mimi zangu nimezibia matundu ya panya!" Lakini kesho yake alirudi na bahasha zake kumi na tisa, nyingine zina meno ya panya kweli. Yeye bado anafanya kazi pale na ana watoto watano. Alizitoa hivyo hivyo.

Nilipotoka eda nilikwenda kwanza mahakama ya mwanzo, wakanipa barua ya usimamizi wa mirathi. Kisha nikaenda ofisi ya kodi. Kijana wa pale aliandika jina la Farhan kwenye kompyuta mara mbili. Akaniambia kwa upole, "Mama, jina hili halipo kabisa." Yaani kodi ilikatwa kila mwezi na haikufika. Nilikaa kwenye benchi lao mpaka adhana ya adhuhuri. Kuitwa kibarua kuliniudhi, lakini hili liliniumiza zaidi, kwa sababu ya lile dirisha.

Shauri la kazi, la kudai mafao ya Farhan na cheti chake cha utumishi, lilisikilizwa Kibaha. Tulikuwa tumechelewa kulifungua, nikaeleza habari ya eda, wakakubali kulipokea. Meneja alikuja na wakili. Akasema marehemu hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi, na kwamba vile nilivyoleta ni vipakiti vya mbegu.

Msuluhishi alikuwa dada kijana mwenye miwani. Akainua bahasha moja akaitikisa, na mbegu za bamia zikamwagika mpaka kwenye faili la wakili. Nikasema, "Samahani mwanangu, hiyo niliifunga vibaya." Alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena alisoma maandishi, bahasha moja baada ya nyingine, na hakucheka tena.

Meneja akasema bahasha anaweza kuiandika mtu yeyote. Hapo akasimama Abdulwahab. Yeye ndiye aliyekuwa keshia wao, siku hizi anauza vipuri Ubena. Nilimtuma Ausi akamwombe, nikidhani hatakuja. Akasema, "Huo ni mwandiko wangu. Kodi nilikata kwa amri, nikaikabidhi ofisini pamoja na daftari la kusaini. Daftari liko kabati la chini, mkono wa kushoto."

"Wewe ulifukuzwa," meneja akamwambia.

"Nilifukuzwa kwa kuuliza risiti za kodi."

Tukapumzishwa kidogo. Wakili akanifuata kwenye korido na maneno laini. Hoteli italipa zaidi ya tulichodai, siku hiyo hiyo. Ila karatasi iandikwe kibarua, na bahasha zote ziachwe kwao. Thuwaiba, zilikuwa pesa nyingi. Niliuona mwaka mzima wa ada ya Hajra. Nikakumbuka pia asubuhi za Jumatatu, kaka yako akipiga pasi sketi ya shule ya mtoto, akilowesha kidole na kugusa chuma, akitaka marinda yote yalale sawa kama ya mgeni wa hoteli. Sijui sauti niliitoa wapi. Nikamwambia, "Pesa ukitaka punguza, baba. Jina usipunguze."

Akarudi ndani, shauri likaahirishwa ili lile daftari litafutwe, na walipofika mara ya pili, mwezi wa nne, walikuwa wamelipata. Wakakubali yote. Nusu ya pesa imeshalipwa, ada ya Hajra nimeilipa, na nusu iliyobaki tumeandikiana waimalize Septemba. Nitaamini nikiishika.

Ofisi ya kodi walichukua nakala za bahasha zetu na sasa wanapitia vitabu vya hoteli. Wiki mbili zilizopita waliniita. Yule yule kijana akanigeuzia kioo cha kompyuta. Farhan Mwishehe, miaka mitatu ya mwanzo tayari imeingizwa, mingine inafuata. Nikamwomba nitazame tena. Akaniacha nitazame mpaka niliporidhika.

Na mwisho wa mwezi uliopita, wafanyakazi wote wa hoteli walipewa hati za mshahara zilizochapwa. Kulwa alikuja mbio na yake, bado amevaa aproni ya kazi. Aliniambia kwamba pale kwenye foleni wenzake walikuwa wakisema, "Hizi ni za Farhan."

Wifi yangu, sikuandika haya ili ulie. Nimeandika ujivune nami. Mimi niliishia darasa la saba, na mbele ya wakili mwenye tai nilikaa mpaka mwisho. Mama anamsimulia kila anayepita, na kila siku yule wakili anazidi kurefuka.

Ausi na mkewe wanakusalimu sana. Hajra anakuamkia shikamoo na anauliza kama lile baibui la bluu bado liko dukani. Mama anasema usali kwa wakati na ule samaki, usizoee nyama tu. Nisalimie Basil, na mbusu Ibtihal mdogo mashavu yote mawili. Mola awalinde ugenini, akupe afya ya mgongo na njia ya kuja kutuona.

Humu ndani nimekutilia nakala ya cheti cha utumishi cha kaka yako. Kimeandikwa jina lake kamili, kazi yake ya udobi, tarehe aliyoanza na tarehe aliyoiacha dunia, na chini kuna muhuri wao. Mtu yeyote huko akikuuliza kaka yako alikuwa nani, usihangaike kueleza. Mpe asome.

Ni mimi wifi yako nikupendaye daima,

Mwanamvua, mke wa Farhan