Sikio la Fundi Kosmas

Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijazoea kuanza nawe bila shikamoo, hata siku nilizokuwa nimekukosea.

Huku Kihagara mvua zimekwisha na dagaa wetu, usipa, wamejaa vichanjani wakikauka. Mkeo, Mama Anna, hajambo, bado anakipangusa kiti chako kila asubuhi. Wazee wa kanisa walinipa kazi ya kujenga zahanati, kwa sababu nimefundishwa na wewe, Fundi Kosmas. Waliposema hivyo nilitazama chini.

Nakuandikia habari ya ukuta wa shule, ule unaotazama ziwa.

Unalikumbuka lile tanuri letu? Kuni zilikuwa mbichi, matofali ya pembeni hayakuiva. Ulikaa kwenye gogo siku nzima ukigonga tofali kwa tofali, sikio umeliinamisha kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Lililolia vizuri uliliweka kulia. Lililotoa sauti ya boga ulilichora msalaba wa mkaa, pande mbili, likajengee banda la nguruwe. Nilikutania kwamba unachagua matofali kama watu wanavyochagua mchumba. Ukacheka mpaka ukakohoa.

Kisha ukaenda msibani Kigonsera, siku tatu tu. Bwana Shauri wa wilaya alikuwa apite kukagua shule, nami nilitaka urudi ukute ukuta umefika kwenye linta, juu ya madirisha, watu waache kuniita msaidizi wako. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, siwezi kusingizia utoto. Siku ya pili matofali mazuri yakaisha. Nikachukua kitambaa kibichi, nikafuta misalaba ya yale mabovu. Nikayajenga chini ya dirisha, nikayafunika kwa plasta.

Uliporudi uliupima ukuta kwa timazi, ukanishika bega. "Sasa wewe ni fundi," ukasema. Niliipokea sifa ile, Mjomba, na chakula nikala.

Masika yalipopiga kutoka ziwani, ukuta ukavimba, plasta ikabanduka. Uliniuliza mara moja tu: "Haya yalitoka fungu gani?" Nikakujibu, "La kulia, ulilochagua mwenyewe."

Hukubisha. Wazee wakakupumzisha kwa upole, wakasema ni umri. Lakini kinachonitesa ni kile nilichokiona uani kwako. Ulikuwa ukikaa na matofali mawili, unagonga, unasikiliza, unagonga tena. Ukamwambia Mama Anna, "Sikio langu limekufa." Nilikuwa nimesimama palepale, nimewaletea samaki. Ningeweza kusema. Nikaulizia chumvi.

Ukafa ukiamini hivyo. Mimi ndiye niliyekuaminisha.

Juzi nimeubomoa ule ukuta kwa mikono yangu. Nilikuta tofali moja lina msalaba wako upande wa ndani, maana katika haraka yangu nilifuta upande mmoja tu. Jana baada ya ibada nikaliweka mbele ya wazee na Mama Anna, nikasema yote. Nilitamani mtu anizabe kofi. Mama Anna alipitisha kidole juu ya ule mkaa, akanirudishia tofali bila kunitazama. Leo asubuhi nimemwamkia, hakuitikia. Habari ya zahanati, wazee wamesema watafikiri.

Wakiniachia kazi, kila tofali litapita kwanza sikioni kwangu, na yakipungua nitasubiri tanuri jingine, acha wanicheke. Wasiponiachia, nitawachotea maji watakaojenga. Ukuta wa shule nitausimamisha upya kwa vyovyote, na kila atakayeuliza nitamwambia uliharibika kwa sababu ya nani. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Lala salama, Mjomba. Mchana huu nimekaa kando ya kaburi lako na lile tofali la msalaba. Nimeligonga kwa jingine zuri, nikainamisha sikio kama ulivyonifundisha. Limetoa sauti ya boga.

Sikio lako lilikuwa zima.

Mpwa wako,
Yusto