Sifa Kwenye Mabenchi

Jumatano, Mitwero. Jua limewaka vizuri tangu asubuhi, jua ninaloliomba kila ninapotaka kupaka rangi. Sijapaka hata benchi moja.

Nilirudi kutoka Lindi mjini na tina yangu ya kuyeyushia rangi, nikakuta uani kunanuka kama soko la samaki. Mjomba Hamisi, fundi wa mashua tangu ujana wake, alikuwa amenisaidia. Mabenchi ya madrasa niliyokwisha kuyapiga msasa ameyapaka sifa, yale mafuta ya ini la papa wanayopaka mashua, kuanzia ubao wa kukalia hadi miguu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekupunguzia kazi. Hapo mvua haiingii."

Kweli haiingii. Na rangi haiingii. Juu ya sifa rangi ya mafuta haishiki. Hata ikikauka, inabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Nikamwambia hivyo.

Akacheka. "Sifa imembeba babu yako hadi Kilwa, itashindwa kubeba makalio ya watoto?"

Nikacheka na mimi, kwa hasira.

Kisha akaja ustadhi, mwenye mabenchi. Anayataka Ijumaa, kuna maulidi. Nikamweleza kwamba haiwezekani. Akaziba pua: "Paka hivyohivyo, binti. Kijani kikishakaa juu, nani ataona?"

Nikakataa. Akasema basi milango ya madrasa, kazi niliyoahidiwa na ninayoiota, atampa fundi mwingine. Akamgeukia mjomba: "Mpwa wako huyu anapenda sifa."

Mjomba akatazama debe lake la sifa.

Naitaka milango ile. Naandika hapa kwa sababu nyumbani sitamwambia mtu. Lakini rangi ikianza kubanduka na kuganda kwenye kanzu za watoto, hakuna atakayeuliza nani alipaka sifa. Watasema, si tulisema kazi hii si ya mwanamke?

Sipaki.

Mchana kutwa nimekwangua kwa kipande cha kioo, nikafuta kwa tina, nikibadilisha kitambaa kila kilipolowa. Vitambaa nimevitandaza kwenye ua, mbali na jiko la mama. Vikirundikwa vinapata joto, na tina haina utani na moto. Makopo ya rangi nimeyagongea vifuniko mpaka vikakaza, nikayarudisha kwenye rafu, kivulini. Debe la mjomba nimelitoa stoo. Namheshimu sana, ila sifa yake ikae kwake.

Jioni akaja, akachukua msasa bila kuombwa, akaanza kusugua benchi la mwisho.

Ijumaa maulidi yatasomwa na watu watakaa kwenye mikeka, kama walivyokaa siku zote. Mabenchi yatatoka siku yakiwa tayari. Milango ikienda kwa mwingine, iende.

Na wakisema napenda sifa, waseme. Leo nimeikwangua mpaka kucha zinanuka.