Ondiek Ameposa, Cephas Anaogopa Kurudi

Shangazi Nyarangi mpendwa, naomba msaada, na ukianza kucheka naomba ujifunike mdomo, maana mwenzako huku chakula hakishuki.

Mimi ni kijana wa miaka thelathini na mbili, nauza dawa za mifugo katika duka moja hapa Migori mjini, na kama kuna mtu mpole kaunti hii nzima basi ndiye mimi, na sisemi ule upole wa kusifiwa kanisani, nasema ule wa kukanyagwa, kwa sababu mteja akileta kuku mgonjwa na yule kuku anidonoe, mimi ndiye humwomba kuku msamaha, na kinyozi akiniharibu kichwa namwambia asante halafu naenda kununua kofia. Tangu utotoni jibu langu kwa kila mtu ni "sawa tu", hata mama yangu alishachoka kuniuliza ninataka nini.

Sasa Shangazi, kila Jumamosi alasiri mimi hugeuka. Rafiki yangu Ken mwenye duka la fotokopi alituletea mchezo wa mezani kutoka Nairobi, si karata wala drafti, ni mchezo wa kuigiza hadithi, yaani Ken anasimulia kwamba mko pangoni na joka limeamka, na kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni anayemsemea na kumwamulia, kisha unarusha dadu yenye pande ishirini kuona kama jambo ulilotaka limewezekana, namba kubwa umefaulu, namba ndogo umeaibika. Lynnet, ambaye ni nesi, alichagua kuwa mchawi msomi. Mimi Ken aliniangalia kutoka juu hadi chini akasema, "Omera, ndugu yangu, wewe utakuwa barbarian," yaani mshenzi wa porini, mtu wa shoka na ngozi ya mnyama, asiyejua hata kusalimia, na nadhani alikuwa ananicheka, lakini nilisema nini? Nilisema sawa tu.

Huyo mshenzi nikampa jina Ondiek, ambalo kwetu ni fisi. Ondiek hajui kusema "mimi", anajitaja kwa jina, "Ondiek ana njaa", "Ondiek hapendi hili daraja", na akikasirika hupiga meza na kunguruma, hadi siku moja mwenye saluni ya jirani alikuja kuuliza kama kuna mtu anatolewa pepo. Nilimpenda Ondiek, wacha niseme ukweli, kwa sababu hajawahi kuomba kuku msamaha, na polepole nikaanza kutembea na ile dadu mfukoni, mteja akinifokea naishika tu, najisikia kama nina ndugu mkubwa nje ya mlango. Mchumba wangu Risper, mwalimu wa shule ya msingi, nilimwambia kwamba Jumamosi niko mazoezi ya kwaya, kwa sababu mwanaume mzima utamwelezaje msichana kwamba unaenda kupigana na joka nyuma ya mashine ya fotokopi.

Mwezi uliopita tukaenda kwao Oyugis kwa ayie, ile siku ambayo kwa desturi yetu Wajaluo unaenda kumwomba mama mkwe akubali, na akikubali yeye mwenyewe hutamka "ayie", nimekubali, ndiyo mambo mengine yafuate. Siku hiyo kazi ya bwana ni kukaa na kutazama magoti yake, anayesema ni msemaji wake, na msemaji wangu alikuwa mjomba Jeremiah, mwalimu mstaafu anayeweza kuongea mpaka mvua inyeshe na iache. Nilifurahi sana, Shangazi, kwa maana kwa kunyamaza mimi sina mpinzani.

Mambo yalikuwa mazuri hadi baba mdogo wa Risper, Mzee Nicholas, alipoamua kuchekesha wageni, akasema, "Huyu wetu amekaa hapa mpaka tumemzoea kama kabati, wenzake wana watoto wa shule, kwa hivyo nyinyi chukueni tu upesi kabla hamjabadilisha nia, sisi hatutauliza mengi." Watu wakacheka. Mjomba Jeremiah naye akacheka, kwa sababu msemaji hucheka mwenye boma akicheka. Lakini Risper alikuwa mlangoni na sahani ya samaki, akasikia yote, akaiweka ile sahani mezani polepole na hakuinua macho, na mimi nikaona kidevu chake kinatetemeka.

Mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Nikairusha dadu pale mkekani chini ya meza, nikachungulia, nikaona mbili. Shangazi, mbili ni aibu tupu, Ondiek akipata mbili shoka linamkata mguu wake mwenyewe na anaanguka kifudifudi, yaani hata dadu ilinikataa, na mimi tayari nimeshasimama, magoti yanagongana, nikapiga meza, mchuzi ukaruka kwenye suruali ya mjomba, nikasema kwa ile sauti ya Jumamosi, "Ondiek amesikia. Ondiek hakuja kuchukua kabati. Ondiek amekuja kuomba mtu ambaye angemngoja mpaka aote mvi. Mzee alirudishe hilo neno mahali alipolitoa."

Na haya yote mbele ya mama mkwe, ambaye kwa heshima hata kumtazama usoni sikupaswa. Nyanya yake Risper ndiye aliyetangulia kusema, akauliza, "Huyo Ondiek ni nani, na mbona hajapewa chakula?" Mzee Nicholas akakohoa, akasema ulimi wake umeteleza, akamwomba Risper radhi mbele ya wote. Halafu mama mkwe, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, akasema neno moja tu, "Ayie."

Ungedhani hapo ndipo hadithi inaisha vizuri. Tangu siku hiyo Oyugis hakuna mtu anayenijua kwa jina la Cephas, watoto wananiita Ondiek kwa simu, nyanya ananitumia salamu na kuuliza kama fisi amekula, na Mzee Nicholas ndiye amenipenda kuliko wote, amenipigia kusema kuna jirani amesogeza ua ndani ya shamba lao, kwa hivyo mwisho wa mwezi nikija nisimame mbele ya huyo jirani getini na kumngurumia kidogo. Nikamwambia sawa tu, baba.

Na Risper, wakati tunarudi, aliniuliza ile sauti nimeitoa wapi, nikashindwa kudanganya tena, nikamweleza yote, joka, dadu, kwaya ambayo haipo. Hakupiga kelele. Alisema, "Cephas, mimi nilikupenda ukiwa kimya, sikuwahi kutafuta mtu wa kelele. Lakini siku ile niliona mtu wangu amenisimamia, kumbe ni mchezo. Sasa mama yangu alimwambia nani ayie?" Ameniambia nirudi mwisho wa mwezi, niketi na mama yake, niseme maneno yale yale kwa jina langu na sauti yangu, na nikishindwa nimwambie mama pia kwamba nimeshindwa, tuachane vizuri.

Shangazi, mimi najijua. Nikienda kama Ondiek nitaongea vizuri sana na nitampoteza Risper. Nikienda kama Cephas nitafungua mdomo itoke hewa, na nitampoteza pia. Ken anasema tunaweza kumuua Ondiek Jumamosi hii, joka limmeze, nianze upya. Nimuue, ama niende naye? Tafadhali usitaje jina langu, watu wa Oyugis wanasoma gazeti hili.

Wako,
Cephas, Migori.

SHANGAZI NYARANGI ANAJIBU

Cephas, nimecheka, na mdomo sikuufunika. Umeomba nisikutaje, halafu umetaja mjomba, mchumba, baba mkwe mdogo, nesi na kuku. Oyugis nzima ingekujua hata ningekubandika jina la kike la Gesare, kwa hivyo jina lako nimeliacha lilivyo, na ni vizuri uanze kulizoea.

Nianze na lililonikera. Kwaya, kijana? Umechukua nyimbo za Mungu ukafunikia joka? Mchezo wenyewe sina ugomvi nao. Wenzako Jumamosi wako kwenye pombe, wewe uko nyuma ya fotokopi unapiga meza, mimi ningekuwa na binti ningeshukuru. Lakini mwanamke anayekubali kuzeeka na wewe ana haki ya kujua Jumamosi unakoenda. Ulimficha kwa sababu ulidhani atakucheka, na akikucheka kuna ubaya gani? Mimi nimekucheka na bado uko hai.

La pili ni hili "sawa tu" lako. Watu wanaliita upole, na wewe umewaamini. Ukimwambia Mzee Nicholas sawa huku moyoni unasema hapana, huo ni uongo wenye sauti ndogo. Mpigie leo, kabla hujafungua duka. Mwambie, "Baba, habari ya ua ipelekeni kwa chifu na wazee, mimi sitakuja kumngurumia jirani yenu." Atanuna. Mwache anune, amewahi kurudisha neno lake mbele ya wageni na hakufa.

Sasa sikiliza vizuri, maana barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyoisoma wewe.

Umeandika kwa mkono wako kwamba dadu ilionyesha mbili. Umeandika pia kwamba Ondiek akipata mbili anajikata mguu na kuanguka kifudifudi. Basi kwa sheria zenu wenyewe, Ondiek alianguka pale mkekani Oyugis na kulala na shoka lake. Hakusema kitu. Hakuwa na ruhusa ya kusema kitu. Nani basi alisimama?

Na yale maneno. Umesema Ondiek ni mshenzi wa porini asiyejua kusalimia. Mshenzi wa porini haombi, ananyakua. Hajui habari ya kumngoja mtu mpaka aote mvi. Anayejua kungoja ni kijana anayeuza dawa za ng'ombe na kusema asante kwa kinyozi mbaya. Wewe uliazima sauti tu, kama mtu anavyoazima koti la kwenda arusini. Aliyekuwa ndani ya koti ni Cephas, na nadhani mama mkwe aliliona hilo, kwa sababu mama wa Kijaluo hawezi kumpa fisi binti yake.

Sikusifu kwa kila kitu. Kupiga meza mbele ya mama mkwe ni kukosa adabu, na suruali ya mjomba Jeremiah ni juu yako, uifue mwenyewe. Lakini kumtetea binti wa watu wakati msemaji wako anacheka halikuwa kosa, na hilo usimwombe mtu yeyote msamaha.

Kwa hivyo utafanya hivi. Ondiek msimuue, hana hatia, na joka la Ken litafute chakula kingine. Jumamosi hii nenda na Risper. Aketi hapo, akuone ukinguruma, acheke mpaka achoke, na akitaka naye apewe mtu wake wa kubuni, mpeni, maana nahisi huyo mwalimu angekuwa mshenzi kuliko nyote. Asikutane na fisi wako kwa kusimuliwa tena.

Mwisho wa mwezi nenda Oyugis. Dadu umwachie Ken. Mjomba aende nawe, kwa kuwa desturi ni desturi, lakini mwambie mapema kwamba kuna sehemu moja utasema mwenyewe. Keti chini, macho uyashushe kama inavyotakiwa, na usianze na hotuba. Anza na neno ambalo Ondiek hana, "mimi". Mimi ni Cephas. Mimi ndiye niliyesema siku ile. Mimi ndiye ninayemwomba Risper. Sauti ikitoka ndogo, iache iwe ndogo. Risper amekuambia mwenyewe kwamba hatafuti mtu wa kelele, na mama yake hana shida ya masikio.

Na magoti yakianza kugongana usiyatazame ukafikiri umeshindwa. Yaligongana pia siku ile, umeniandikia, na ni juu ya hayo hayo ulisimama.